Ratiba ya mtu anayelala

Mama huyu amenikubalia niandike kisa chake kwa sharti moja, nisimtaje jina. Klabuni tunamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama tunavyowaita wazazi wote. Hapa nitamwita Mama, basi. Ana miaka 36, ni mhasibu katika ofisi ya mizigo Dar es Salaam, anakaa Goba. Ana binti wa miaka 6 na mtoto wa kiume ambaye kisa kinapoanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi 4, bado ananyonya. Mumewe ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Lubumbashi, na safari moja inaweza kula wiki tatu kutegemea foleni ya mpakani Kasumbalesa. Nayataja haya mwanzoni kwa sababu mimi niliyemwandikia ratiba ya mazoezi sikuyauliza. Nilimuuliza anakimbia kilomita ngapi kwa wiki.

Alikuwa anakimbia kama 18 au 20, mara tatu kwa wiki, mbili mwenyewe mtaani na moja na sisi Jumamosi. Klabu yetu ni ya joging kama zilivyo nyingi za Dar: fulana za sare, michango ya misiba na harusi, na asubuhi ya Jumamosi tunatoka saa kumi na mbili huku mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia. Wageni wanaona nyimbo zile ni mbwembwe. Kumbe ndizo zinazotulinda, kwani anayeimba hawezi kukimbia kupita uwezo wake. Pumzi ikikata, wimbo unakata, na kundi lote linapunguza mwendo bila mtu kuamriwa. Mama alirudi klabuni miezi mitano baada ya kujifungua. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza unasema mzazi asianze kukimbia kabla ya wiki 12, na hata hapo achunguzwe kwanza, kwa hiyo upande huo hakuwa na haraka yoyote. Kwa miezi kumi na moja alikimbia akiimba, na hakuumwa hata kidole.

Mwezi wa kumi na moja akanifuata baada ya mazoezi.

"Shikamoo kocha. Nataka nusu marathoni ya Moshi."

"Marahaba. Ya Februari hii?"

"Hii hii. Nimeshajiandikisha."

Nilifurahi mno. Mbio za Kilimanjaro ndizo kila mkimbiaji wa mtaani hapa nchini anaziota. Unaondoka mjini Moshi, unapanda barabara ya Mweka mapafu yakiwaka, halafu unashuka mteremko ule ule miguu ikigonga lami hadi uwanja wa Ushirika. Nikamwandikia wiki 12 kuanzia tarehe mosi Desemba, siku nne kwa wiki. Jumanne vilima, na Goba vilima havinunuliwi. Alhamisi dakika 25 za kasi ya mashindano. Jumamosi na klabu, taratibu. Jumapili mbio ndefu, kuanzia kilomita 10 hadi 19. Jumla ya wiki ingepanda polepole kutoka 24 hadi 42. Ratiba kama hiyo nimewapa watu wengi na wamemaliza salama. Nilipowafikiria baadaye mmoja mmoja, niligundua karibu wote walikuwa wanaume wanaoamka usiku kwa haja ndogo tu.

Tarehe 20 Desemba dada wa kazi akafunga begi kwenda kwao Singida kwa Krismasi. Aliahidi kurudi tarehe 3 Januari. Kila mwenye mtoto mdogo Dar anajua hadithi hii inavyoendelea: tarehe 3 simu haipatikani, tarehe 10 anapokea shangazi mtu anasema dada amekwenda mnadani, na mwisho wa mwezi unatafuta mwingine. Mume yuko njiani. Shule zinafunguliwa, ada, sare, madaftari, gari la shule linapiga honi saa kumi na mbili kasoro. Mdogo wake Mama anayesoma chuo akawa anakuja kulala pale ili Mama apate kutoka saa kumi na nusu alfajiri akarudi kabla nyumba haijaamka.

Hapa ndipo kisa kilipogeuka, na mimi nilikuwa nalala usingizi wangu. Mambo yalipobana, ilibidi Mama aache kitu, akaacha Jumamosi. Ukiitazama kwa jicho lake, alikuwa na hoja. Saa kumi na mbili asubuhi mtoto ameshaamka, klabu iko mbali kidogo, na mbio zenyewe ni za kuimba tu, hazimpandishi Mweka. Vilima, kasi na mbio ndefu vikabaki. Kwa maneno mengine, katika wiki ngumu kuliko zote za mwaka aliondoa mbio za kumpumzisha na kubakiza zote za kumchosha. Tena akawa peke yake gizani na saa ya mkononi inayomwonyesha kila kilomita imechukua dakika ngapi, na saa ile haina wimbo unaokata.

Mimi nilipokea ujumbe wa simu: "Vilima 8, dakika 52." "Kasi 7, dakika 41." Nami nikajibu kama makocha wote: "Safi sana. Komaa." Jumapili ya wiki ya nne hakutuma kitu. Mtoto alikuwa na homa. Jumapili iliyofuata akatuma: "16." Wiki mbili kabla mbio yake ndefu ilikuwa 11. Alikuwa amefidia. Nikatuma alama ya dole gumba.

Mwisho wa Januari tulikuwa na kikao cha klabu cha kufunga mahesabu ya mwezi. Mama alikuja na mtoto mgongoni. Wakati wa kuondoka nilimwona anashuka ngazi tatu za ule ukumbi kwa kutanguliza mguu mmoja kila ngazi, kama bibi. Nikamuuliza. Akasema ni uchovu. Nikamwomba akae pale ngazini, nikampakata mtoto, nikamwambia anionyeshe panapouma. Ugoko unaouma kwa sababu ya misuli na ngozi ya mfupa kuvutwa, mtu huuonyesha kwa kiganja. Anakupitishia mkono kuanzia katikati hadi karibu na kifundo, maumivu yamesambaa. Mama hakutumia kiganja. Aliweka ncha ya kidole cha shahada mahali pamoja, upande wa ndani, kama shubiri moja juu ya kifundo, akabonyeza, uso ukakunjana.

"Usiku je?"

"Usiku ndio maumivu yanaamka, kocha. Nikiwa namnyonyesha."

Maumivu yale yalikuwa na wiki tatu. Wiki tatu hizo zote nilikuwa nimepokea kilomita na dakika.

Nimejiuliza sana kwa nini hakusema, na sehemu ya jibu naijua maana tunalilea wenyewe. Mtanzania yeyote anayekimbia amelelewa na hadithi ya John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho, goti limefungwa bendeji, watu wengi wameshaondoka uwanjani. Naipenda hadithi hiyo na nitaisimulia hadi kufa. Lakini Akhwari alikuwa na siku moja, na taifa lilimtuma kwa siku hiyo. Sisi tumeichukua heshima ya siku ile tukaitandaza juu ya Jumanne na Alhamisi za watu wenye watoto nyumbani. Neno "komaa" nilikuwa nimemtumia Mama mara tisa ndani ya majuma manane. Nimehesabu.

Alikwenda hospitali, akapigwa picha ya eksirei, mfupa ukaonekana safi, akapewa dawa ya kuchua na kuambiwa apumzike siku chache. Wasomaji wakimbiaji walishike hili: ufa mdogo wa mfupa unaotokana na kugongwa mara nyingi mara kwa mara hauonekani kwenye eksirei katika wiki za mwanzo. Picha inakuwa safi na mfupa unaendelea kupasuka. Kipimo cha MRI kingeonyesha, ila gharama yake ilikuwa nje ya mfuko wa Januari. Tukampeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akabonyeza, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akasema tuchukulie ni ufa wa mwanzo na tuishi hivyo, maana kukosea kwa kumpumzisha ni wiki sita, na kukosea kwa kumkimbiza ni plasta na magongo. Yeye ndiye aliyeagiza damu ipimwe. Himoglobini ilikuwa gramu 10.4 kwa desilita, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 huhesabiwa upungufu wa damu. Feritini, yaani akiba ya madini ya chuma, ilikuwa 9. Shirika la Afya Duniani linaweka mstari kwenye 15.

Majibu yalipotoka nikamwomba daftari lake. Nilijua anaandika, ila sikuwahi kuliona. Ni daftari la shule la kurasa 48, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na kila ukurasa ameupigia mistari kwa rula: tarehe, kilomita, dakika. Hayo ndiyo aliyokuwa ananitumia. Pembeni, nje ya mistari, kwa penseli na kwa herufi ndogo sana, kulikuwa na vitu ambavyo hakunitumia. "N3." "N4." "Homa." "N2, nimelala!" Nikamuuliza N ni nini. Ni mara ngapi mtoto ameamka kunyonya. Nilikaa na daftari lile jioni nzima. Katika usiku 31 wa Januari, ni 6 tu alizolala saa tano mfululizo. Na cha kuumiza zaidi, asubuhi zilizofuata N4 hazikuwa na mwendo wa polepole. Mbili kati ya hizo zilikuwa na kasi kuliko wiki ya nyuma yake. Alikuwa anajilipiza kwa usiku mbaya.

Kuhusu chakula ilinibidi nimwombe mama mwingine wa klabu, muuguzi, akae naye. Mimi ni mwanamume wa umri wa baba yake na yako mambo ambayo hakuwa na njia ya kuniambia. Muuguzi akarudi na picha hii, kwa ruhusa. Mama anatoka saa kumi na nusu na maji tu. Kukimbia huchoma takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, kwa hiyo mtu wa kilo 60 akipiga 16 ametumia kama 960. Akirudi anaandaa wa shule, anaoga, anabeba chupa ya chai ya rangi na maandazi mawili, anakula kwenye daladala. Mchana chipsi au wali maharage mezani kwa ofisi, kikombe kingine cha chai. Usiku anakula baada ya wote, kilichobaki, na chai. Juu ya hayo ananyonyesha. Hedhi iliyokuwa imerudi mwezi wa tisa ilipotea Desemba, naye akadhani ni mambo ya kunyonyesha. Alikuwa amepungua kilo tano. Ofisini walimsifu amependeza. Klabuni tulimsifu. Mimi nilisema ameanza kuwa na mwili wa mkimbiaji.

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii ya mwili wa mwanamichezo kukosa nishati ya kutosha baada ya mazoezi kuchukua sehemu yake. Mwili hauzimiki kama taa. Unaanza kubana matumizi: hedhi inasimama, mifupa haijengwi upya ipasavyo, damu inapungua, maradhi madogo yanakaa muda mrefu. Tulizoea kufikiria ni tatizo la wasichana wa kambini wanaojinyima ili wawe wembamba. Mama hakujinyima hata siku moja. Hakuwa na muda wa kukaa kula, na hakuna aliyemwambia kwamba kilomita nazo zinalishwa. Chai nayo ilichangia: inywapo pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga yasifyonzwe vizuri, na sisi Waswahili hatuli bila chai.

Wakati tunamwambia asimame, alinijibu kitu kimoja ambacho nadhani wazazi wengi wanakibeba moyoni. "Mbona Kipyegon ana mtoto?" Ni kweli. Faith Kipyegon, Mkenya bingwa wa mita 1500, alijifungua Juni 2018, akachukua medali ya fedha ya mashindano ya dunia Doha mwaka 2019, kisha dhahabu za Olimpiki Tokyo na Paris. Lakini baada ya kujifungua alikaa takriban mwaka mzima nje ya mashindano, na aliporudi, kukimbia ndiyo ilikuwa kazi yake, na pumziko la mchana ni sehemu ya kazi hiyo kama zilivyo kilomita. Mama alikuwa na kazi ya mahesabu, kazi ya nyumba, kazi ya usiku, halafu akaweka juu yake kazi ya nne ambayo tuliiita burudani. Sikumwambia asimtazame Kipyegon. Nilimwambia amtazame mzima mzima, pamoja na saa zake za kulala.

Moshi hakwenda. Ada ya kujiandikisha haikurudi. Jumapili ile ya Februari alinipigia simu saa moja asubuhi, wakati wenzake wako Moshi, na alilia. Binti yake akachukua simu akaniambia, "Babu, mama anaumwa mguu, usimwambie akimbie." Nilimjibu sitamwambia.

Kwa wiki sita hakukimbia. Alitembea alipoweza kutembea bila maumivu, na jioni alisimama kwenye ngazi ya mlangoni akipanda na kushuka kwa ncha za vidole, mara 15, mara tatu, mtoto akimwigiza. Vidonge vya chuma alipewa na daktari. Chai ilihama, ikakaa saa moja na zaidi baada ya chakula, na maharage yakaliwa na chungwa au juisi ya ukwaju. Dagaa wakarudi mezani, na maini kila Jumamosi. Kumwachisha mtoto kunyonya usiku ulikuwa uamuzi wao wenyewe na mumewe, aliyekuwa nyumbani wiki hizo, na yeye ndiye aliyelala na mtoto siku nne za kilio. Nilimheshimu sana yule bwana kwa siku nne zile. Nadhani zilimponya mkewe kuliko chochote nilichofanya mimi.

Katikati ya Machi akaanza: dakika moja kukimbia, dakika mbili kutembea, mara nane, siku moja ndiyo moja hapana. Aprili akarudi Jumamosi kuimba. Ratiba mpya niliiandika mezani kwake, daftari likiwa wazi katikati yetu, na safu ya kwanza kabla ya kilomita ni usiku. Akiamka mara tatu, au akilala chini ya saa tano, mazoezi magumu ya asubuhi hiyo yanafutwa. Yanafutwa kabisa, hayahamishwi kesho, maana deni la mazoezi ndilo lililomvunja. Siku ngumu ni moja tu kwa wiki. Mbio ndefu zinapangwa kwa kufuata safari za lori, sio kwa kufuata Jumapili. Kabla ya kutoka anakula ndizi mbili au kikombe cha uji, hata kama ni saa kumi na nusu na hana hamu. Na jambo likibana, Jumamosi ndiyo ya mwisho kuachwa.

Makocha wenzangu wawili wameiona ratiba hii wakasema ni ya kulea uvivu, mtu hawezi kuandaa nusu marathoni kwa siku moja ngumu kwa wiki. Kwa kijana wa miaka 24 asiye na familia ningekubaliana nao. Kwa Mama, mwezi wa saba alikwenda Dodoma akakimbia kilomita 10 kwa saa moja na dakika 3 katika baridi ile ya alfajiri, akamaliza akiongea. Feritini ilikuwa imefika 34, hedhi imerudi, ugoko ukibonyezwa hauna kitu. Kesho yake alikuwa kazini.

Sasa anaitaka Moshi tena. Mazungumzo yetu ya mwezi huu yamekuwa juu ya kalenda tu. Ukihesabu wiki 12 kurudi nyuma kutoka Februari unaangukia Desemba ile ile, Krismasi ile ile, Singida ile ile. Kwa hiyo tumeamua kuanza mwanzoni mwa Oktoba. Mbio ndefu zote zitakwisha kabla ya tarehe 20 Desemba, na kuanzia siku ambayo dada atafunga begi hadi siku ambayo mtu mwingine atakuwepo usiku ndani ya nyumba ile, Mama atakimbia na klabu Jumamosi na hakuna kingine. Mtoto atakuja naye. Tumeshapata mwenye pikipiki ya miguu mitatu atakayetufuata nyuma na maji na watoto.